Kukosea Hesabu Si Utovu wa Nidhamu

Kati ya mambo yote ambayo mtoto huyabeba kutoka shuleni kwenda nyumbani, limo moja lisiloandikwa katika muhtasari wa somo lolote wala kutahiniwa na Baraza la Mitihani. Nalo ni jibu la swali hili: Je, mimi ni mtu awezaye kujifunza? Mtoto hajiulizi swali hilo kwa maneno. Hujiuliza kila aitwapo ubaoni, kila arudishiwapo daftari, na kila anapotaka kunyoosha mkono kisha akasita. Ifikapo mwisho wa darasa la nne, aghalabu amekwisha kulijibu, na mwalimu ndiye aliyemsaidia kulijibu, ama kwa wema ama kwa ubaya.

Twalizungumza jambo hili sasa kwa sababu Taifa limeingia katika mabadiliko makubwa ya elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Vitabu vimeandikwa upya na masomo yamepangwa upya. Yote haya ni mema, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini miaka kumi ni muda mrefu sana kwa mtoto aliyekwisha kuamini, angali darasa la pili, kwamba yeye ni mjinga. Mtoto huyo atakaa darasani miaka minane zaidi akisubiri kengele ya kwenda nyumbani. Sheria yaweza kumlazimisha mtoto kuketi kwenye dawati; haiwezi kumlazimisha kuthubutu kufikiri.

Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Mwandishi wa maoni haya alisoma katika shule ya msingi ya Serikali, na mwaka 2002, wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza, alikuwa darasa la nne. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka uliotangulia, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kulea wadogo zao wakaja shule kwa wingi. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, ambao mwaka 2000 walikuwa kiasi cha milioni 4.4, walizidi milioni 7.5 ilipofika mwaka 2005. Katika darasa letu tulikaa wanne katika dawati la watu wawili, na waliochelewa kufika walikaa sakafuni.

Mwalimu wetu wa hisabati mwaka huo alikuwa na desturi moja. Aliandika hesabu ubaoni, akataja jina, na fimbo ilikuwa juu ya meza ikingoja. Aliyekosea alisimama kando akiutazama ukuta. Waliokosea walipotimia watano, fimbo ilianza kazi. Baada ya miezi michache, darasa zima lilikuwa limejifunza mambo matatu, na hakuna hata moja kati yake lililokuwa hisabati. Jambo la kwanza lilikuwa kuutazama uso wa mwalimu badala ya kuutazama ubao: tulitamka jibu polepole, silabi moja baada ya nyingine, tukisubiri kuona kama atakunja uso ili tugeuze maneno kabla hayajaisha. La pili lilikuwa kuandika kwa penseli hafifu, ili jibu lifutike upesi baada ya kuchungulia daftari la jirani. La tatu lilikuwa kuitikia. Mwalimu aliuliza, “Mmeelewa?” Nasi tukajibu kwa pamoja, “Ndiyooo, mwalimu!” Hapakuwa na uongo uliotamkwa kwa sauti kubwa zaidi shuleni pale, na hapakuwa na mtu aliyeadhibiwa kwa ajili yake.

Yafaa isemwe kwa haki kwamba mwalimu huyo hakuwa mtu mbaya. Alifika mapema kuliko wote, hakukosa kazi, na alisahihisha madaftari yote hata kama ilimlazimu kuyafunga kwenye baiskeli na kwenda nayo nyumbani. Aliamini kwa dhati kwamba anatusaidia. Alitufundisha kama yeye mwenyewe alivyofundishwa, na pengine kama mwalimu wake alivyofundishwa kabla yake.

Darasa la tano tukapata mwalimu mwingine. Huyu naye alikuwa na desturi moja. Kila aliyejibu, awe amepata au amekosa, alimwuliza: “Umefikaje hapo?” Wiki za kwanza tuliliogopa swali hilo kuliko fimbo, kwa kuwa tulidhani kila aulizwaye amekosea. Tulipotambua kwamba anawauliza hata waliopata, hofu ikapungua. Mtoto alieleza hatua zake, na mwalimu akamwambia, “Mpaka hapa ulikuwa sawa. Hapa ndipo ulipopotea njia.” Siku moja mwalimu mwenyewe alikosea kuzidisha ubaoni, na msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwaka uliotangulia hakuwa akisema neno, akanyoosha mkono na kumwonyesha. Darasa lilinyamaza likingoja radi. Mwalimu akautazama ubao, akafuta, akasema, “Ahsante, umeniokoa.” Tangu siku hiyo hesabu katika darasa lile ikawa kazi yetu sote. Si kwamba sote tuligeuka mabingwa. Mwandishi huyu hakugeuka. Lakini mikono ilinyooshwa, na asiyejua alisema hajui.

Watoto walikuwa wale wale. Dawati lilikuwa lile lile, na msongamano ulikuwa umezidi. Kilichobadilika ni namna kosa lilivyopokewa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwalimu asiye makini huliona kosa kama uchafu wa kufagiliwa, ilhali kosa la mtoto karibu siku zote lina sababu, na sababu hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika fikra zake. Tuchukue mfano unaojulikana na kila mwalimu wa madarasa ya chini. Mtoto anapewa 42 kutoa 17, anaandika 35. Kwa haraka mtu atasema hajui kutoa. Lakini tazama alivyofanya. Kwenye mamoja ameona 2 na 7. Akakumbuka alivyoambiwa kwamba namba ndogo hutolewa katika namba kubwa. Akatoa 2 katika 7 akapata 5. Kwenye makumi akatoa 1 katika 4 akapata 3. Mtoto huyu si mvivu wala si mzito. Ametii kanuni aliyofundishwa, akaitumia mahali isipohusika. Anachohitaji ni vijiti arobaini vilivyofungwa kumi kumi, na viwili pembeni, kisha aambiwe atoe kumi na saba. Atafungua fungu moja kwa mikono yake mwenyewe, na atakapolifungua ataona kwa macho kwamba yamebaki makumi mawili na vijiti vitano. Vijiti haviagizwi ng'ambo, na vizibo vya soda vimejaa njiani. Sasa mtoto huyo huyo akipewa alama ya mkosi kwa wino mwekundu na viboko viwili, atajifunza nini? Hatajua alipopotea, maana hakuna aliyemwonyesha. Atakachojua ni kwamba hesabu za kutoa huumiza, na tangu siku hiyo atazikimbia.

Upo ushahidi mwingine unaotoka mbali kidogo, lakini hali yake twaifahamu. Mwaka 1985 watafiti wa mji wa Recife nchini Brazil walichapisha habari za watoto waliokuwa wakiuza nazi na matunda sokoni. Walipoulizwa bei za bidhaa zao wakiwa kwenye biashara, watoto hao walikokotoa karibu hesabu zote bila kosa. Walipopewa hesabu zile zile zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi kama za shuleni, walikosa zaidi ya nusu. Nani kati yetu hajawaona watoto wa namna hiyo katika masoko na vituo vya mabasi vya hapa kwetu? Mtoto auzaye karanga hupewa noti ya shilingi elfu moja kwa pakiti tatu za shilingi mia mbili, na kabla mnunuzi hajafungua mdomo, shilingi mia nne zimekwisha rudishwa. Kesho yake mtoto huyo husimamishwa mbele ya ubao na kuitwa kilaza. Akili haikubaki sokoni. Kilichobaki sokoni ni kujiamini, kwa sababu sokoni anatazamwa kama mtu anayejua kazi yake.

Mambo haya si mageni katika fikra za nchi hii. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa amefundisha darasani Tabora na Pugu kabla ya kuingia moja kwa moja katika siasa mwaka 1955, alitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Wengi hukumbuka katika kijitabu kile habari za mashamba ya shule na jembe, na hukumbuka kidogo yale aliyoyasema kuhusu akili na moyo wa mwanafunzi. Alitaka elimu ijenge mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine, na kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenzake katika jamii. Kujiamini huko hakukuwekwa kama pambo la kumalizia. Kulikuwa mojawapo ya nguzo tatu.

Ni vema kukumbuka kwa nini jambo hilo lilikuwa la lazima. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa 490,000, na wengi wao hawakwenda zaidi ya darasa la nne. Katika sekondari walikuwamo wanafunzi 11,832 tu. Shule ile ilikuwa chekecheo. Kazi yake ilikuwa kuwachuja wengi na kuwabakiza wachache watakaokuwa makarani, na fimbo na dhihaka vilifaa sana katika kazi ya kuchuja. Aliyekata tamaa mapema alipunguza msongamano mlangoni. Hata mwaka 1967, watoto wa shule za msingi walipofika 825,000, ilitazamiwa kwamba asilimia 13 tu wangepata nafasi za sekondari. Leo tumeamua kwamba kila mtoto asome miaka kumi. Maadamu tumeufungua mlango, hatuwezi kuendelea kufundisha kwa mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya kuufunga.

Kuhusu fimbo yenyewe, yawapasa wote wanaoishika waisome sheria. Kanuni za adhabu ya viboko zilitungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na zilipunguzwa makali mwaka 2002. Kwa mujibu wake, kiboko ni adhabu ya makosa makubwa ya nidhamu. Hutolewa na Mwalimu Mkuu, au na mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Hakizidi viboko vinne. Na kila mara lazima kiandikwe kitabuni. Hakuna kifungu chochote kinachosema kwamba kusahau jedwali la saba ni kosa kubwa la nidhamu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo kwapani ili kuwachapa walioshindwa kusoma aya hatekelezi kanuni. Anaivunja, na anaivunja mbele ya watoto ambao tunawafundisha uraia.

Nchi hii imepata kulionyeshwa jambo hili kwa namna iliyotutia aibu sote. Mwezi Februari 2009, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba wa wakati huo aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, na askari polisi akawachapa, kwa hoja kwamba shule zao zilifanya vibaya katika mtihani. Taifa lilishtuka. Walimu walilalamika, na kwa haki kabisa, na Rais akamwondoa mkuu huyo wa wilaya katika wadhifa wake. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesema kwamba viboko vile vingewafanya walimu wale wafundishe vizuri zaidi. Kila mmoja alielewa kwamba mtu mzima aliyedhalilishwa mbele ya wenzake hawezi kuamka kesho yake akiwa na ari ya kazi. Basi twauliza, tena kwa heshima: lile tuliloliona wazi kwa mwalimu wa miaka 35, kwa nini linakuwa gumu kuonekana kwa mtoto wa miaka tisa? Kama kiboko hakimfundishi mwalimu kufundisha, kitamfundishaje mwanafunzi kujifunza?

Wapo watakaosema kwamba bila fimbo Mwafrika hasomi. Kasumba hiyo ilikwisha kuvunjwa hapa hapa nchini. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kisomo ikafuata. Wakulima walisoma chini ya miembe, katika majengo ya shule baada ya watoto kuondoka, na katika ofisi za vijiji. Walimu wao walikuwa walimu wa shule za msingi, wafanyakazi, na hata vijana waliomaliza darasa la saba. Ilipofika mwaka 1986, takwimu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki kiasi cha asilimia 10. Tuyakumbuke madarasa yale. Kijana wa miaka 18 alisimama mbele ya bibi wa miaka 60. Je, angemchapa? Angemwita kilaza? Alimwamkia kwanza, akamwelekeza kushika kalamu, na bibi alipoandika herufi ikiangalia upande usio wake, kijana alisema, “Hapo karibu, bibi, tujaribu tena.” Tena vitabu vyao vya kisomo chenye manufaa vilizungumza juu ya pamba, mahindi na uvuvi, mambo ambayo wanafunzi waliyajua kuliko mwalimu, kwa hiyo kila mmoja aliingia darasani akiwa na kitu mkononi. Watu walioambiwa maisha yao yote kwamba hawakuzaliwa kwa ajili ya kalamu waliandika majina yao. Heshima ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Twajua hoja za walimu wenzetu, na si hoja nyepesi. Ya kwanza ni wingi wa watoto. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na wapo walimu wanaosoma maoni haya ambao wana watoto mara mbili ya hao. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, mzigo huo umewaelemea wengi. Kumwuliza kila mtoto “umefikaje hapo?” katika darasa la watoto 90 haiwezekani. Lakini yawezekana kuwauliza watano kwa kipindi, na kesho watano wengine. Yawezekana kuwaweka wawili wawili waelezane. Yawezekana, wakati wa kusahihisha, kuchagua kosa moja lililorudiwa na wengi, kuliandika ubaoni bila kumtaja mtu, na kulichambua kwa dakika kumi. Darasa kubwa humnyima mwalimu muda. Halimlazimishi kumtukana mtoto.

Hoja ya pili ni ya nidhamu, na wenye hoja hiyo hupenda kusema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuitupi. Mtoto mwizi, mtoro au mwonevu lazima akanywe, na mzazi au mwalimu anayeogopa kumkanya atalia mwenyewe baadaye. Lakini wahenga hao hao walisema kuuliza si ujinga, na wakasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Walijua kutofautisha. Mtoto aliyevunja dirisha kwa makusudi na mtoto aliyejumlisha vibaya hawajafanya jambo la aina moja, na mwalimu anayewaadhibu sawa anawafundisha wote wawili kwamba haki ni bahati tu. Wala wema tunaousema si ulegevu. Mwalimu anayempa alama nzuri mtoto asiyejua, ili asimkwaze, naye humdhulumu, maana kujiamini kusikokuwa na ujuzi huporomoka siku ya kwanza ya mtihani. Mwalimu yule wa darasa la tano alikuwa mgumu kuliko mwenzake: hakukubali jibu lisilo na maelezo, hata likiwa sahihi.

Lipo pia suala la lugha, ambalo halitakwisha kwa kunyamaziwa. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kuambiwa ajieleze kwa Kiingereza tangu siku za mwanzo. Aliyekuwa akieleza vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula hugeuka bubu, na ububu huo husomwa kama ujinga. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake ungaliko. Hatuna nia ya kuumaliza katika safu hii. Tunachosema ni kwamba, hata kwa utaratibu uliopo, mwalimu wa kidato cha kwanza asimvike mtoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, wala asimcheke anapochanganya maneno. Atenganishe mambo mawili: kama mtoto amelielewa jambo, na kama ameijua lugha ya kulisemea. Akiyachanganya, atamfanya mtoto ajione mjinga wa yote mawili.

Haitakuwa haki kuyaweka yote haya juu ya mabega ya mwalimu peke yake. Mwalimu aliyenyimwa heshima ataitoa wapi ya kuwapa watoto? Mwalimu anayedai malimbikizo yake kwa miaka, anayesafiri mbali kufuata jambo dogo la utumishi na kuambiwa arudi wiki ijayo, anayeitwa kwenye kikao na kufokewa mbele ya wazazi kwa sababu ya matokeo ya mtihani, hufundishwa kila siku kwamba mkubwa hufoka na mdogo huogopa. Kisha huingia darasani, na humo mkubwa ni yeye. Ndugu watumishi wa halmashauri na wa wizara, jinsi mnavyompokea mwalimu dirishani penu ni sehemu ya somo analokwenda kulifundisha.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache, ambayo mengi yake hayahitaji fedha.

Kwanza, kila Mwalimu Mkuu akutane na walimu wake, wazisome kanuni za mwaka 1979 na marekebisho yake, na ikubaliwe bayana kwamba hakuna mtoto atakayechapwa kwa kukosa jibu. Afisa Elimu Kata akifika shuleni, kitabu cha adhabu kiwe cha kwanza kuombwa.

Pili, wathibiti ubora wa shule wasitosheke na kukagua azimio la kazi na andalio la somo. Wakae nyuma ya darasa kipindi kizima, wahesabu ni maswali mangapi yameulizwa na watoto wenyewe. Darasa ambalo mtoto hajauliza hata swali moja kwa dakika arobaini lina maradhi, hata kama maandalio yake yameandikwa kwa hati nzuri.

Tatu, walimu hodari wapelekwe darasa la kwanza na la pili. Imekuwa desturi katika shule nyingi kuwaweka mabingwa kwenye madarasa ya mtihani, na kumwachia darasa la kwanza mwalimu mgeni au mwenye kudhaniwa kuwa dhaifu. Huko ni kujenga nyumba kwa kuanzia paa.

Nne, tuache kusoma mbele ya gwaride orodha ya nafasi kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mzazi ana haki ya kujua maendeleo ya mwanawe. Shule nzima haina haki ya kumcheka. Mtoto alinganishwe na alivyokuwa muhula uliopita.

Tano, vikao vya walimu shuleni chini ya mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, vitumike kuchambua makosa ya watoto. Kila mwalimu alete daftari moja lililomshinda, wenzake wamsaidie kutambua mtoto alifikiri nini. Mwalimu aliyezoea kusema mbele ya wenzake “hapa sijui” hataona aibu kumsikia mtoto akisema hivyo.

Na wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto arudipo nyumbani, wengi wetu humwuliza amepata ngapi. Tumwulize pia leo ameuliza nini.

Twalitaka Taifa la watu watakaosimama katika mkutano wa kijiji na kuuliza fedha zimekwenda wapi, watakaojaribu mbegu mpya bila kungoja kuamriwa, na watakaomwambia mkuu wao wa kazi, kwa adabu lakini bila kutetemeka, kwamba hesabu yake haikulingana. Watu hao hawaanzi kuandaliwa siku wanapofikisha umri wa kupiga kura. Huandaliwa darasa la kwanza, asubuhi mtoto anaponyoosha mkono, akajibu, akakosa, kisha akamtazama mwalimu kuona atafanya nini. Ndugu mwalimu, katika sekunde ile Taifa zima linakutazama kwa macho ya mtoto huyo. Weka fimbo chini, umwulize amefikaje hapo.